Bakuli la Mtu Mmoja

Tangu nirudi kutoka Japani, watu wananiuliza swali moja tu: ukifika Tokyo, ramen ukale wapi? Wapo wanaouliza kwa sababu kweli wana safari. Wapo ambao hawana hata pasipoti, ila wamekua na katuni za Kijapani, walimwona Naruto akimaliza bakuli juu ya bakuli kwenye kibanda cha Ichiraku, na tamaa ikawabaki. Majibu ninayo na nitayatoa sasa hivi, maana sipendi makala zinazomzungusha msomaji. Tatizo ni kwamba kila nikijibu najikuta nimeteleza kwenye swali jingine ambalo ramani ya simu haiwezi kulijibu: kula peke yako ni vibaya?

Majibu kwanza. Kama unakula kila kitu, Tokyo itakuchosha kwa wingi. Kuna Tsuta, duka lililoanzia mtaa wa Sugamo na kuwa la kwanza la ramen kupewa nyota ya Michelin, kwenye kitabu cha mwaka 2016. Kuna Taishoken ya Higashi-Ikebukuro, ambayo nitairudia. Kuna Jiro ya Mita, jirani na Chuo Kikuu cha Keio, kwa wenye njaa ya kiuanafunzi na kifua cha kustahimili vitunguu saumu. Kuna Ichiran, ambayo asili yake ni Fukuoka lakini matawi yake yametapakaa jijini, na humo unakaa kwenye kijichumba chenye ubao kulia na kushoto kama uko kwenye mtihani wa taifa.

Mimi lakini ni mtoto wa Tanga na sili nguruwe, na hapo orodha inapungua kama maji yanavyokupwa. Supu inayosifiwa sana, tonkotsu, ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa saa nyingi mpaka mchuzi unakuwa mweupe kama tui. Hata zile zinazoitwa za sosi ya soya au za chumvi, mara nyingi juu yake kuna vipande vya nguruwe, au ndani yake mna mirin, pombe tamu ya mchele wanayopikia. Kwa hiyo Tokyo nzima yenye maelfu ya maduka ilibaki kwangu kuwa majina machache: Naritaya kule Asakusa, Ayam-Ya kule Okachimachi, na mengine ya aina hiyo yanayopika kwa mchuzi wa kuku na kuandika halali mlangoni. Hayo mawili nayapendekeza. Anayetaka anwani tu anaweza kuishia hapa, tusilaumiane.

Nilikwenda Agosti 2025 kuripoti mkutano wa TICAD uliofanyika Yokohama, na ulipokwisha nikabaki siku tisa kwa gharama zangu. Mwenyeji wangu alikuwa rafiki niliyesoma naye chuo, kijana wa Moshi anayefanya uzamili huko, mpenzi mkubwa wa kitimoto. Kwenye ramen tuliachana njia, yeye na nguruwe wake, mimi na kuku wangu. Ndiyo maana nilikula peke yangu. Sikuwa na falsafa yoyote kichwani, nilikuwa na njaa.

Siku ya kwanza niliposukuma mlango, mhudumu aliniuliza kitu huku ameinua kidole kimoja. Nikaelewa kidole, nikaitikia. Maneno nilikuja kutafsiriwa jioni: o-hitori-sama. Hitori ni mtu mmoja. Ile "o" ya mbele ni ya heshima, na "sama" ya nyuma ni heshima nyingine, ile wanayompa mteja, mgeni, hata miungu yao. Yaani mtu aliyekuja peke yake anaheshimiwa kwenye ncha zote mbili za neno. Nikajaribu kutafuta la kwetu. Tuna mpweke, ambaye ni wa kuhurumiwa. Tuna mseja, ambaye ana maswali ya kujibu. Tuna ile "uko mwenyewe?", inayotamkwa huku jicho linaangalia nyuma yako kama kuna mtu bado anaegesha gari.

Mwanamke analijua hili zaidi. Ingia hoteli yoyote ya Dar es Salaam saa saba mchana, ukae kwenye meza ya watu wanne. "Dada, unasubiri mtu?" Hapana. "Haya." Halafu utaona hiyo "haya" inavyokwenda jikoni taratibu. Mwanamume akikaa peke yake anaonekana ana kazi nyingi. Mwanamke anaonekana ameachwa, au anawinda.

Pale Asakusa sote tulitazama upande mmoja, jikoni, viti vimepangwa kwenye kaunta kama ndege kwenye waya. Mpishi aliweka bakuli mbele yangu kwa mikono miwili. Pembeni yangu alikuwa mzee Mjapani aliyeingia, nadhani, bila hata kujali habari za halali, na kabla hajagusa vijiti alisema neno moja kwa sauti ndogo: itadakimasu. Hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Ni kama mtu anavyosema bismillah chumbani kwake. Nilishangaa kidogo kwamba mtu asiye na mwenzake mezani bado ana adabu za mezani.

Sasa nije kwetu, maana bila kwetu swali halina uzito. Mimi nimelelewa kwenye sinia. Mkeka, sinia la wali katikati, samaki juu, mikono mitano au sita, na kila mmoja anajua mpaka wake bila mstari kuchorwa. Mtu akipita mlangoni unasema karibu. Anajibu starehe, anaendelea na safari yake. Au haendelei, anavua viatu, anakaa, na hakuna anayehesabu matonge. Nimewaona wageni wakidhani ile karibu ni maneno ya mdomoni tu. Ndani yake mna hesabu ya zamani sana: leo ninacho, kesho huenda sina, na siku hiyo nisingependa kulazimika kuomba. Karibu inamwokoa mwenye njaa na aibu ya kuomba, kwa sababu inamtangulia kusema. Nimeandika habari za mifuko ya jamii na ruzuku kwa miaka kadhaa sasa, na sijakutana na mfumo wenye adabu kama huo.

Ndiyo maana anayekula kajifungia tunamtazama vibaya. Madrasa tulifundishwa kwamba chakula cha pamoja kina baraka. Hata Kant, mtu wa Königsberg asiyesifika kwa uchangamfu, aliandika kwamba kula peke yake si afya kwa mwanafalsafa, na kwamba mezani watu wasipungue watatu wala wasizidi tisa. Bibi yangu angekubaliana naye kwenye watatu. Kwenye tisa wangegombana.

Wahenga nao hawakulisifu sinia wamefumba macho. Walisema mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Methali hiyo watu huitumia kusifu undugu, mimi naisoma upande wa pili: inakubali kwamba tumekula pamoja, halafu inauliza, na siku ya shida je? Kula pamoja na kuwa pamoja ni vitu viwili, na waliotunga methali walijua hivyo zamani.

Kaa na bakuli la ramen utagundua kwamba umbo la chakula lina maadili yake. Sinia linasubiri. Wali ukipoa kidogo si neno, mazungumzo yanaendelea, mmoja anainuka kupokea simu na kurudi. Ramen haisubiri mtu. Tambi ziko ndani ya mchuzi wa moto, kila dakika zinanyonya na kulegea, na ule ugumu kidogo ambao mpishi ameupigia hesabu kwa sekunde unaondoka huku unautazama. Huwezi kupiga soga. Huwezi kummegea jirani, mchuzi haumegwi. Unainama, unavuta tambi kwa sauti (kule kuvuta kwa sauti hakuna aibu, shangazi zangu wangezimia), unakunywa mchuzi, unanyanyuka. Dakika 15, mara nyingi chini ya hapo. Mtu wa kwetu akichungulia dirishani ataona uchoyo mtupu: watu kumi, mabakuli kumi, na hakuna anayemkaribisha mwenzake.

Lakini dirishani si mahali pa kuangalia. Angalia mlangoni, kwenye foleni. Nilimsindikiza rafiki yangu Mita, kwenye ile Jiro, si kula bali kutazama. Biashara hiyo ilianza mwaka 1968 na bakuli lake ni mlima: tambi nene, kabichi, machipukizi ya maharage, mafuta ya nguruwe, vitunguu saumu vya kumfukuza mchawi. Foleni ilikuwa imezunguka jengo. Wanafunzi, vibarua wenye kofia za kazi, mababu, wote kimya kwenye jua la Agosti. Rafiki yangu akanieleza kanuni zake: ukishakaa, kula, usicheze na simu, mkija wawili na mmoja akawahi kumaliza, asimsubiri mwenzake kitini, ukimaliza inua bakuli uliweke juu ya kaunta, futa mbele yako, shukuru, toka. Nikamuuliza nani anasimamia hayo yote. Akasema: "Hao walio nyuma yako."

Hapo ndipo nilipoona kwamba ukarimu upo, ila umehamia sehemu ambayo jicho langu halikuzoea kuutafuta. Kwetu ninagawana chakula na mtu ninayemwona usoni. Pale mtu anagawana kiti na asiyemjua, aliye nyuma ya mgongo wake, na anamkaribisha kwa kuondoka.

Na chakula chenyewe hakikuzaliwa ndani ya familia. Duka ambalo hutajwa kuwa miongoni mwa ya mwanzo kabisa Tokyo, Rairaiken, lilifunguliwa Asakusa mwaka 1910 na mtu aliyekuwa ofisa wa forodha, akawaajiri wapishi Wachina kutoka Yokohama. Tangu hapo ramen imekuwa chakula cha vibarua, wanafunzi na watu waliokuja mjini bila mama wala mke. Baada ya vita ngano ya Kimarekani ikajaa, mikokoteni ya tambi ikatembea usiku. Mwaka 1958 Momofuku Ando, mzaliwa wa Taiwan, akaleta tambi za pakti. Shin-Yokohama kuna makumbusho ya ramen yaliyofunguliwa 1994, na chini ya ardhi wamejenga upya mitaa ya mwaka huohuo wa 1958, taa hafifu na mabango ya zamani, unakula huku unajidai umerudi nyuma. Ni kichekesho kizuri. Sisi tuliokaa Mabibo Hostel tuna deni kubwa na Bwana Ando, na sidhani kama kuna mmoja wetu aliyewahi kumkaribisha mwenzake kwenye sufuria yake ya tambi.

Wajapani wamekwenda mbali zaidi, mlo wa mtu mmoja wameutengenezea fasihi. Kuna manga iitwayo Kodoku no Gurume, yaani mlaji mpweke, ambayo Masayuki Kusumi aliiandika na Jiro Taniguchi akaichora kati ya 1994 na 1996. Mhusika ni Goro, mfanyabiashara wa vitu vya nje. Anamaliza shughuli zake, njaa inamshika, anatafuta mahali, anakula, anafikiri kimoyomoyo kuhusu anachokula. Basi. Hakuna mapenzi, hakuna maiti. Tangu 2012 imekuwa tamthilia ya televisheni na watu hawajaichoka. Nilipoanza kuitazama nilisubiri kisa kianze, kumbe kisa ndicho hicho: mtu mmoja, mwenye njaa yake, anaihudumia kwa uangalifu kama anavyostahili.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linaniuma, maana msomaji mwerevu ameshahisi kwamba sizungumzii tambi.

Baba yetu alifariki mwaka 2022. Mama amebaki Ngamiani, Tanga, katika nyumba tuliyokulia. Sisi watatu tumetawanyika, wawili Dar es Salaam na mmoja Muscat. Simu zetu zina utaratibu. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Umekula? Nimekula. Umekula nini? Hapo pana kimya. Chai. Na nini? Na mkate. Na jana? Jana nilikula. Ulikula nini mama? Chai.

Huyu ndiye aliyenifundisha samaki wa kupaka. Ukimtembelea bila taarifa saa sita, kabla ya saa nane kuna wali wa nazi, kuna mchicha, kuna bada ukiitaka, na kuku wa jirani roho yake iko mashakani. Ukiondoka jioni, kesho yake ni chai. Anameza dawa za presha na za sukari, na hizo za sukari hazitaki tumbo tupu. Magauni aliyoshona wakati wa arobaini ya baba sasa yanampwaya mabegani. Tukimgombeza, jibu ni lilelile miaka yote hii: "Nipike nimpikie nani?"

Ramadhani hana tatizo hilo. Bakuli linakwenda kwa jirani, bakuli linarudi na kitu kingine ndani yake, anafuturu vizuri kuliko mimi. Idi ikipita tunarudi kwenye chai.

Sentensi hiyo nimekaa nayo muda mrefu. Sikiliza ilivyojengwa. Kupika kwake hakusimami bila kupikia, na kupikia kunadai mtu wa pili. Kiswahili kinalo neno kujipikia, lakini hebu lisikilize linavyotumika: "siku hizi anajipikia mwenyewe" ni sentensi ya kumsikitikia mtu. Amefiwa, ameachika, au mkewe yuko safarini. Sijawahi kusikia mtu akiitamka kama sifa.

Kwa hiyo hoja yangu ilikuwa hii, na niliibeba kutoka Tokyo kama zawadi. Ukarimu wetu, huu ninaousifu na nitaendelea kuusifu, umesimama juu ya mgongo wa mwanamke anayepika. Tumemfundisha tangu ana miaka saba kwamba chakula kinapata maana kikiwekwa mbele ya mtu mwingine. Mume, watoto, mgeni, maiti ikiwa ndani na watu wamejaa uani. Kisha mume anakufa, watoto wanapanda basi, na hatukumwachia kanuni yoyote ya siku hiyo. Mtu aliyelisha watu miaka 40 anafika mahali ambapo yeye mwenyewe si sababu ya kutosha ya kuwasha moto. Hilo kwangu ni kosa la kimaadili, na kosa si lake.

Wala si kwamba hatuna pa kuanzia. Kant huyohuyo wa watu watatu mezani alisisitiza kwamba mtu ana wajibu kwa nafsi yake, sawa na alio nao kwa wengine. Na madrasa hiyohiyo ya baraka za sinia ilitufundisha kwamba mwili wako nao una haki juu yako. Somo la pili hatulirudii mara nyingi, labda kwa sababu halina mgeni wa kulipongeza.

Nilitegemea pingamizi ambalo kila mtu hulitoa ukitaja Japani na upweke, na ni pingamizi la kweli. Sensa yao ya 2020 ilikuta kaya za mtu mmoja ni 38 katika kila 100. Polisi wao walihesabu zaidi ya watu 76,000 walioishi peke yao na kufia nyumbani kwao ndani ya mwaka 2024, wengi wakiwa wazee. Wana neno la vifo vya namna hiyo, kodokushi, na baadhi ya wanaokufa hivyo hugunduliwa baada ya wiki kadhaa. Sitaki kumhamishia mtu yeyote Ngamiani hali hiyo. Mama akikohoa mara mbili usiku, asubuhi kuna mtu mlangoni. Mtu anayeniambia Tokyo wamelimaliza swali la upweke sitamwelewa. Ninachodai ni kidogo: mlo mmoja kwa siku, kwa mtu mmoja, usiohitaji kuombewa radhi.

Pingamizi lililonishinda lilitoka kwingine.

Niliporudi nilikwenda Tanga na nikamweleza mama yote hayo, kaunta, kidole kimoja, sama ya heshima, yule mzee na neno lake la kabla ya kula. Alinisikiliza huku anachambua mchele, mchele wangu mimi mgeni. Alipomaliza ungo wa kwanza akauliza:

"Huyo anayekula, nani kampikia?"

Mpishi, mama.

"Anamwona?"

Yuko mbele yake, hatua moja.

"Akishiba anamwambia nini?"

Anasema gochisosama, ni kama kumwambia mtu amekukirimu.

"Basi huyo hali peke yake," mama akasema. "Wewe unataka mimi nipike, nipakue, nijikaribishe, nile, halafu nijishukuru. Mwanangu, si nitakuwa mwehu?"

Nilicheka, na nikanyamaza, maana aligusa mahali ambapo hoja yangu yote ilikuwa imeegemea. Mimi nilikuwa nahesabu walaji. Yeye alimhesabu mpishi. Nikamrudia Goro wa kwenye manga kichwani: kweli kabisa, mwanamume huyo hapiki. Nilikokumbuka kote kulikuwa na mtu jikoni, mama mtu mzima mwenye aproni, babu na mwanawe, mtu anayemwuliza unataka nini. Mlaji mpweke maarufu kuliko wote wa Kijapani kwa kawaida hali bila kupikiwa.

Na ndipo nilipoielewa Taishoken, ile niliyoahidi kuirudia. Ilifunguliwa mwaka 1961 na Kazuo Yamagishi, ambaye anahesabiwa kuwa ndiye baba wa tsukemen, ile ramen ambayo tambi hukaa mbali na mchuzi na unazichovya mwenyewe. Alikaa jikoni mpaka miguu ikamkatalia. Wapishi wengi wa ramen hulinda mchuzi wao kama siri ya jeshi. Yeye aliwafundisha vijana waliomjia, wakaenda kufungua maduka kwa jina lilelile sehemu mbalimbali za nchi. Alifariki 2015. Alipofiwa na mkewe, waliyekuwa wakifanya naye kazi, alifunga duka kwa miezi kadhaa. Mtu ambaye kazi yake ni kupikia watu mmoja mmoja, maelfu kwa maelfu, naye alisimama palepale mama aliposimama. Kilichomrudisha jikoni siwezi kukisemea, ila waliokuwa wakimsubiri nje ya duka lile hawakuwa wanamwendea kwa kutafuta upweke.

Kwa hiyo kinachomkosekania mama si ruhusa ya kula peke yake. Anakosa mtu upande wa pili wa kaunta. Hilo ni gumu zaidi, kwa sababu ruhusa ningeweza kumpa kwa simu.

Ni gumu pia kwa sababu lina gharama, na Tokyo inaionyesha wazi. Wenye maduka ya ramen wana msemo, ukuta wa yen 1,000: mteja anaona bakuli halipaswi kuvuka bei hiyo, hata kama unga, nyama, gesi na mishahara vimepanda, na miaka hii ya karibuni maduka madogo yamekuwa yakifungwa kwa wingi. Heshima ninayoisifu, ya mtu mmoja kupokewa kama mgeni kamili, inalipwa na mtu aliyesimama mbele ya masufuria ya moto tangu kabla ya alfajiri. Sijasikia wanaoandika orodha za wapi pa kula ramen wakilitaja hilo. Nami nimetoa orodha yangu hapo juu, basi nalitaja: kalipe bila kulalamika.

Kwetu kaunta ipo. Benchi la mama lishe ni kaunta, saa saba mchana utawakuta bodaboda na mafundi wamekaa bega kwa bega, kila mmoja na sahani yake, hawasemezani, wanakula, wanalipa, wanampisha mwingine. Supu ya alfajiri ni hivyohivyo, bakuli lako na chapati yako. Tofauti ni nani anaruhusiwa kukaa hapo. Nilipomwambia mama kwamba kuna mwanamke anapika vizuri mtaa wa pili kutoka kwao, alinitazama kama nimemtukana. "Nikakae benchini nile hotelini? Watasema watoto wamenitupa." Kaka yangu alipendekeza msichana wa kazi, akakataa, hana kazi ya kumpa. Mdogo wetu wa Muscat alipendekeza ahamie Dar, akauliza nani atamwagilia mchungwa. Jambo moja nililiona katika mazungumzo hayo: kila tulipotaja njaa yake, yeye alijibu kuhusu sifa yetu. Alikuwa anakunywa chai na mkate ili sisi tusisemwe.

Mwezi wa Novemba wakapatana na yule mama lishe bila kutuambia. Mtoto wa jirani akitoka shule hupitia kwa mama, anachukua bakuli, anakwenda nalo mtaa wa pili, linarudi na wali na maharage, au ugali na dagaa, Ijumaa pilau. Shilingi 2,000, mtoto anabaki na chenji. Nilipokuwa huko mwezi uliopita nilisikia mama akilalamika kwamba juzi maharage yalizidi chumvi, na jana yake mama lishe alikuwa amemtumia salamu kwa mtoto kuuliza kama ile chumvi ya juzi ilimsumbua, anajua ana presha. Mama alilisimulia hilo mara mbili siku hiyo, mara ya pili kwa jirani.

Bakuli lenyewe ni lile la maua, la zamani, lenye mfuniko. Ameliagiza lisirudi wazi njiani. Ukubwa wake unatosha watu wawili.